Piga video ya mtaa wako kama ulivyo, watu watakuja kujiangalia

Juzi kuna msomaji kanifuata inbox: "Kaka, ile video yako ya Msimbazi ni watu wanapita tu, hamna stori, hamna muziki, imefikaje mbali hivyo?" Nimeona nijibu hapa maana mnaouliza ni wengi, na najua nyote mnatafuta kutoka.

Imefika mbali kweli, sitajifanya mnyenyekevu. Nilikaa mbele kwenye bajaji ya mshkaji wangu, simu nimeishika usawa wa kifua, tukapita mtaa wa Msimbazi hapa Kariakoo, Dar, kutoka Gerezani mpaka Fire bila kukata popote. Basi.

Ila wazo sio langu. Studio niliyokuwa naeditia harusi, usiku wakati faili zinajichakata nilikuwa naangalia filamu za kimya za zamani, na iliyonimaliza ni ya kina Miles, ndugu wa San Francisco. Mwaka 1906 walifunga kamera mbele ya tramu ikashuka Market Street taratibu mpaka jengo la Ferry, dakika kama 13 hivi, hakuna staa hata mmoja. Vijana wa magazeti wanakatiza mbele ya tramu, farasi, mikokoteni, magari yanachomekea kila upande, wanaume karibu wote na kofia. Halafu ukikodoa macho unagundua kuna gari zinarudi tena na tena, wajanja walizizungusha mbele ya kamera ili mtaa uonekane umechangamka haha. Siku chache baadaye, tarehe 18 Aprili, tetemeko likapiga, moto ukamalizia, studio yao nayo ikaenda. Filamu ikapona kwa sababu ilishatumwa New York.

Nikamwambia bosi na sisi tupige Kariakoo hivyohivyo. Akacheka mbele ya wateja, eti "nani ataweka bando aangalie watu wanaovuka barabara?" Lile neno lilinikaa, na bado linanikaa.

Ataangalia aliyevuka, bosi! Kule Blackburn Uingereza, wapiga filamu wa enzi hizohizo, Mitchell na Kenyon, waliishi mjini kwa hilo: wanasimamisha kamera getini kiwandani, wafanyakazi wanamwagika nje, wengine wanachungulia lenzi kabisa, halafu wanakuja kulipa kiingilio wakajione. Negativu zao (mikanda ya asili inayotolewa nakala) zaidi ya 800 zilikutwa mwaka 1994 kwenye mapipa chini ya duka la zamani. Mimi kwenye komenti zangu kuna dada kaandika "huyo mwenye mkokoteni wa maji ni baba yangu jamani", na chini yake watu wakamiminika kutafuta baba zao.

Kwa hiyo ushauri. Usikate. Ukihisi inaboa, usikate, hapo ndipo mtu anapomwona mjomba wake. Usiweke bongofleva juu, acha honi na makonda wapige kelele. Na usiikimbize: zile filamu za zamani watu wanatembea kama wamewashwa miguu kwa sababu zilizungushwa kwa mkono, fremu, yaani picha, kama 16 kwa sekunde, zikaja kuchezwa kwa 24. Sasa wewe una simu inayokupa mwendo sahihi halafu unaiongezea spidi ya nini? Vijana tunapenda mbwembwe kuliko kazi, ndio maana hatufiki, tukubali tukatae.

Kingine, andika tarehe. Ile ya Market Street kwa miaka mingi ilidhaniwa ya 1905, mpaka mwanahistoria David Kiehn akakaa chini kupekua namba za magari na madimbwi ya mvua yanayoonekana barabarani ndio ikajulikana ni ya 1906. Kazi yote hiyo kwa kitu ambacho kalamu ingemaliza.

Mimi naandika tarehe na saa, na faili orijino naliweka sehemu mbili. Kuna page imeichukua video yangu wiki iliyopita, wakalikata jina langu pale chini, na ni ya studio ileile. Bosi, kipande cha mwanzo ambacho hamkukiona ninacho mimi, na kesho napandisha yote.