Oili Ikivuja Mbele ya Injini ya Rotari, Usikimbilie Bolti ya Katikati

Mwenye Mazda RX-8, gari la injini ya rotari (yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni), anajua gari hili linakula oili tangu lilipotoka kiwandani. Kuna pampu inayopeleka oili kidogo kidogo ndani ya chumba cha moto ili kulainisha sili za ncha za rota, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Ndiyo maana uvujaji huchelewa kugunduliwa. Mtu anaongeza oili, anajiambia ndivyo rotari zilivyo, kumbe sili ya mbele, ile inayozuia oili pale shafti inapotokea mbele ya injini, inamwaga kila akiwasha gari.

Yangu niliishuku nilipoona alama ya oili iliyorushwa kwenye plastiki ya feni, mstari mwembamba ulioshika vumbi jeusi, sambamba kabisa na puli. Oili inayotiririka tu haiandiki mstari wa namna hiyo. Inarushwa na kitu kinachozunguka.

Hata hivyo, hakikisha kwanza. Osha mbele ya injini vizuri kwa dawa ya kutoa grisi, endesha siku chache, kisha chungulia na tochi. Unyevu ukianzia juu, angalia pampu ile ya kulainisha sili za rota na mabomba yake. Ukianzia ukingoni mwa kava ya mbele, ni gasketi. Ukitokea nyuma ya kitovu cha puli, basi ni sili, au ni mpira wa bolti yenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, hasa ukipeleka gari kwa fundi aliyezoea injini za pistoni. Kwake kufungua bolti ya katikati ya puli ni kazi ya dakika chache. Kwenye rotari, bolti hiyo ndiyo inayobana gia ya pampu kuu ya oili pamoja na sahani na beringi za sindano zinazozuia shafti kucheza mbele na nyuma. Ikilegea, beringi inaweza kuchomoka kwenye pete yake na kuning'inia ndani ya kava, usiione. Bolti ikikazwa tena, beringi inabanwa na kusagwa. Nimeona RX-7, Mazda nyingine ya rotari, iliyoingia gereji ikiendeshwa, shida yake sili tu, ikatoka ikivutwa kwa kamba. Roho iliniuma.

Kwa hiyo pima mchezo wa shafti, yaani inavyosogea mbele na nyuma, kwa geji ya saa (dial gauge) kabla ya kufungua chochote, uandike. Kwa 13B, familia ya injini iliyomo kwenye RX-8, kipimo kizuri ni kati ya milimita 0.04 na 0.07. Gari likae sawa juu ya stendi, pua isiinuke wala kuinama. Toa stata, ufunge meno ya flaiwili ili injini isizunguke. Bolti ikishatoka, asiwepo mtu wa kuchezea klachi, maana klachi huisukuma shafti. Kitovu kivute taratibu kwa mikono, bila nyundo wala mtarimbo. Kwenye RX-8, sahani ya sensa iliyo pale mbele itie alama kabla ya kuitoa, na usiipinde.

Kitovu kikiwa mkononi, kipitishie ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Mkwaruzo ukinasa ukucha, sili mpya peke yake haitadumu. Tafuta kitovu kingine, au ukivalishe mkono mwembamba wa chuma (sleeve) juu ya mkwaruzo. Kung'oa sili kuukuu na kupachika mpya ni kazi nyepesi: paka mdomo oili, isukume sawasawa, usikwaruze kava. Mpira wa bolti badilisha papo hapo.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako, kwani vinatofautiana, kisha pima mchezo tena. Shafti isipocheza hata kidogo, au injini ikiwa nzito kuzungusha kwa mkono, usiwashe. Fungua kava ya mbele, upange beringi upya.

Spea nunua kabla ya kufungua. Kirinyaga Road, Nairobi, wauzaji wengi watakupa sili inayofanana kwa macho, kwa hiyo nenda na namba ya spea na vipimo vyake. RX-8 za mwisho zilitengenezwa 2012, na sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Zilizopo barabarani ndizo hizo tulizo nazo, na injini nzima ya kubadilisha ni ya kusaka kwa tochi.

Ukimaliza, soma kijiti cha oili kila mara ya pili unapojaza petroli. Sasa kinachopungua ni kile kinachoungua tu, na ndani ya muda mfupi utakijua kiasi cha kawaida cha gari lako.