Kwa nini mpunga sugu huanza kuugua blasti tena

Umeuliza kwa nini mbegu sugu ya mpunga hushindwa na blasti, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu, baada ya misimu michache. Tatizo liko kwenye jenomu ya kuvu, yaani jumla ya DNA yake. Kuvu hiyo, Magnaporthe oryzae, huingiza ndani ya seli za mmea protini ndogo zinazozima kinga. Jeni ya usugu ya mpunga kwa kawaida hutambua moja tu kati ya hizo na kuamsha kinga. Sasa, jeni nyingi za protini hizi zimekaa karibu na ncha za kromosomu, zikizungukwa na vipande vya DNA vinavyohamahama. Kipande kikitua ndani ya jeni, au jeni ikifutika kabisa, protini haitengenezwi, mmea haumtambui adui, na madoa ya kijivu yenye ukingo wa kahawia yanajaa majani.

Kuvu nyingine, Fusarium oxysporum, inaonyesha jinsi jenomu ya kuvu inavyoweza kubadilika: mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba kromosomu yake nzima inaweza kuhamia kwenye kuvu isiyo na madhara, nayo ikaanza kunyausha nyanya.

Kwa hiyo unganisha jeni 2 au 3 za usugu katika aina moja ya mpunga, ili protini moja ya kuvu ikipotea, nyingine bado itambuliwe. Na usiridhike na PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta kipande cha DNA) kuonyesha kwamba jeni ya kuvu ipo. Soma mfuatano wake, maana badiliko la herufi moja ya DNA linaweza kutosha kuificha protini yake isitambuliwe na mmea.