Kaitazame kazi yake ya miaka miwili nyuma

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: mtu anayetaka kutengeneza nyumba yake, Unguja au Pemba, atamjuaje fundi wa kuaminika kabla hajampa fedha? Kwanza asihukumu kwa kazi iliyomalizwa juzi, kwani rangi mpya inaficha kila kitu. Mwambie fundi akutajie nyumba aliyoifanya miaka miwili nyuma, ambayo imekwisha kupigwa na masika mara mbili. Nenda bila yeye, piga hodi kwa adabu, na umwombe mwenye nyumba akuonyeshe.

Ukiingia, usianze na vigae. Tazama kuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Lipu iliyotoa unga mweupe ina unyevu na chumvi; inayolia kama kitu kilichobanduka ukiigonga kwa kidole, haikushika. Inua macho kwenye dari la zege: mistari ya kahawia ni kutu ya nondo. Kwa bafu, kagua upande wa pili wa ukuta, maana ndiko unyevu unakotokea. Halafu muulize mwenye nyumba mambo mawili. Je, kazi ilikwisha kwa bei waliyopatana? Na fundi alipoitwa kurekebisha, alikuja?

Kwa wenye nyumba kongwe za mawe, iwe Mji Mkongwe au kwengineko, kuna swali moja linalomtambulisha mwashi upesi: "Ukuta huu unaoota unyevu utaufanyaje?" Akijibu kuwa ataupiga lipu ya saruji nzito yenye dawa ya kuzuia maji, mshukuru na umuage. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, kisha huyatoa hewani. Saruji inaziba njia hiyo. Maji hayaondoki, yanapanda juu zaidi, yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, na boriti zinaoza pale pale usipopaona. Baada ya misimu michache lipu yenyewe hudondoka vipande vipande.

Mwashi anayeijua kazi atasema abandue saruji mpaka kwenye jiwe, apite nusu mita juu ya mstari wa unyevu, aondoe chumvi kwa brashi kavu (akiiosha anairudisha ndani), na auache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa. Ndipo apige lipu ya chokaa iliyolowekwa vya kutosha, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, tabaka nyembamba za kama sentimita moja, akizifunika zisichomwe na jua. Mwisho ni kupaka chokaa, si rangi ya mafuta. Na kama nyumba iko Mji Mkongwe, sikiliza kama atataja kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe kabla ya kugusa mlango, dirisha au paa. Anayesema "tutafanya usiku" anakutafutia kesi.

Kwa nyumba za matofali ya saruji, mtihani ni orodha ya vifaa. Mwambie aiandike mwenyewe, yenye vipimo, kisha uipige hesabu. Ukuta wa mita 4 kwa 3, upande mmoja, lipu ya milimita 15, saruji moja kwa mchanga tano, unakula kama mfuko mmoja na robo wa kilo 50. Ukihesabu kinachoanguka, mmoja na nusu. Aliyeandika minne aeleze miwili na nusu inakwenda wapi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.6 hivi. Ipimwe dukani, kwani nyembamba huuzwa kwa jina la nene. Na kwenye mabati, ambayo unene wake hutajwa kwa geji, la geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Fundi asiyekueleza hilo pengine anasubiri ulipie moja na uletewe jingine.

Mchanga unataka jicho lako mwenyewe. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo inayokula nondo hata zege likiwa zuri kwa sura. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji safi, tikisa, acha mpaka kesho. Onja maji: yakiwa na chumvi, gari lirudi. Tope lililotua juu likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, nalo lirudi. Muulize pia fundi nondo zitakaa umbali gani kutoka uso wa zege. Karibu na bahari anayejali atasema sentimita 4 au zaidi, na ataziinua kwa biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo. Atakwambia pia kuwa zege linamwagiwa maji siku 7, na kwamba mirunda, yaani miti inayoshikilia dari, haitoki kabla ya siku 21. Anayeongeza maji kwenye zege ili limwagike kirahisi anakuuzia udhaifu.

Sasa fedha. Vifaa nunua mwenyewe, risiti zibaki kwako, na fundi alipwe ufundi. Kumpa nusu ya ujira kabla ya kuanza ni kosa linalowaumiza wengi, lakini kumnyima kabisa nako si haki: ana vibarua wanaokula kila siku. Mpe kiasi cha moja ya kumi kuanzia, kisha mlipe kila hatua inapokaguliwa: msingi, ukuta hadi linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), paa, lipu. Bomba zijazwe maji na zikae usiku kucha kabla vigae havijawekwa. Hapo tu ndipo alipwe hatua ya bafu. Bakisha moja ya kumi mpaka mvua kubwa ipite. Fundi anayekubali sharti hili bila kinyongo, mimi humwamini kuliko mwenye bei ya chini.

Yote hayo yaandikwe: kazi gani, vipimo, bei, siku ya kumaliza, nani anaondoa kifusi. Mtie saini nyote wawili na mashahidi wawili, nakala moja ikae kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu. Ikitokea fundi akaacha kazi njiani, usilete mwengine siku hiyo hiyo. Mwite sheha na mashahidi, pimeni kilichokwisha kufanywa, mkipige picha, mlipe stahiki yake kwa kipimo hicho, na muandikiane kuwa mmemalizana.

Msomaji, Unguja