Boti kwenye tope la Mzinga: jua maji kwanza, injini baadaye

Vijana wanaoanza kupeleka wavuvi wa mshipi na watazamaji wa ndege ndani ya hori la Mzinga, mkono wa bahari hapa Dar es Salaam, huniuliza wanunue injini ya nguvu kiasi gani. Kwa boti dogo lenye kitako bapa, nguvu ya farasi 15 inatosha. Cha kuuliza ni maji yanapwa saa ngapi.

Dar es Salaam maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea kwa karibu dakika 50. Kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3; kwenye maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hubaki karibu mita 1. Lakini maji hayapungui kwa kasi moja. Saa ya kwanza yanaondoka taratibu, unajiona una muda. Saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na karibu nusu ya maji yote huondoka ndani ya saa hizo mbili. Kwa bamvua la mita 3, hizo ni sentimita 75 kila saa.

Kwa hiyo mimi huingia maji yakijaa, na hugeuza kabla hayajaanza kutoka. Ukikwama yakijaa, tulia, yatakuinua. Ukikwama yakipwa, utakaa hapo hadi maji mengine. Kibaya zaidi ni kupanda tope kwenye kilele cha bamvua: siku zinazofuata maji hujaa pungufu, na unaweza kusubiri karibu wiki mbili.

Njia isome kwa macho. Kwenye kona, kina kiko upande wa nje. Yangeyange akisimama mbele yako, kina hakizidi miguu yake. Baada ya masika usiiamini njia ya mwaka jana, maana mito ya Kizinga na Mzinga huteremsha mchanga na tope jipya.

Juu ya tope, ama nenda polepole sana injini ikiwa imeinuliwa, ama boti liwe na kasi, limeshapanda juu ya maji. Mwendo wa katikati ndio mbaya: tezi, yaani nyuma ya boti, inazama na pangaboi linachimba. Abiria wasogee mbele. Jicho lisitoke kwenye maji yanayotoka nyuma ya injini. Yakipungua, zima, zibua tundu kwa waya. Injini inayopozwa kwa maji ikinyonya tope huungua upesi.

Wawindaji wa bata Marekani hutumia injini za shafti ndefu zinazopozwa kwa hewa, kama zile za mkia mrefu za Thailand, na kweli hupita kwenye tope zito. Kwetu sizipendekezi kwa kazi ya ndege: kelele yake huwafukuza kabla hujawakaribia. Upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, unakufikisha kimya.

Ila upondo mtupu huzama ukanasa. Pigilia kipande cha mbao kwenye ncha upate kitu cha kukanyagia tope. Ukinasa na boti linaendelea, uachie! Nimeona watu wakiung'ang'ania wakavutwa majini. Rudi uuchukue.

Mkikwama, asiruke mtu. Tope hufika mapajani, chini yake kuna samaki taa wenye miiba, na mizizi ya mikoko imejaa chaza wanaokata kama wembe. Usirudishe nyuma kwa nguvu pia, maana pangaboi litasukuma tope chini yako. Zima, inua injini, hamisha uzito upande ulioelea, kisha sukuma kwa upondo kurudi ulikotoka.

Jioni ile ile, washa injini ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi kwa dakika kumi. Tope likikauka ndani ya njia za maji halitoki kirahisi, na impela, gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza injini, huliwa na mchanga mapema kuliko anavyosema muuzaji. Ya akiba ikae ndani ya boti, pamoja na pini za pangaboi na spana yake.