Dirishani kwa mfamasia: Inawasha au inauma?

Agosti ya Mbeya ina mambo matatu: baridi ya alfajiri, vumbi la mchana, na watu wanaokuja dirishani wameshika pua. Huu ni mwaka wangu wa 22 nauza dawa Mwanjelwa, na kila msimu huu naambiwa maneno yale yale: "Nipe dawa ya mafua, ile kali." Kabla sijagusa kabati namuuliza mtu: inawasha au inauma? Wengine hucheka. Wengine huudhika, wanaona nawachelewesha na daladala inaondoka. Lakini bila jibu hilo nitakuwa nauza tu, sitakuwa natibu. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu pua, basi tuanze.

*Shikamoo mzee wa dirishani. Mimi nalima pareto huku Umalila. Kila tukianza kuchuma na kuanika, mafua hayanitoki. Napiga chafya kumi, kumi na tano kwa mkupuo, macho yanawasha mpaka kope zinavimba, pua inachuruzika maji. Mume wangu anasema ni baridi. Mwaka huu nimemaliza dozi tatu za amoksilini. Kuna mahali nikachomwa sindano, nikapona wiki mbili, kisha yakarudi. Nina ugonjwa gani huu? – Mama wa Umalila*

Marahaba, mama. Umenijibu kabla sijakuuliza: inawasha.

Mafua ya virusi huuma. Kichwa kinauma, koo linauma, viungo vinauma, na mara nyingi kuna kahoma. Makamasi huanza mepesi, yakawa mazito, na baada ya siku saba hadi kumi mtu anaendelea na shughuli zake. Yako yanakaa msimu mzima, ni maji matupu, homa hakuna, na yanafuata pareto kama mbwa anavyomfuata mwenye nyama. Hiyo ni aleji, au mzio kama vitabu vinavyosema. Mume wako umsamehe, baridi nayo huchuruzisha pua, lakini haivimbishi kope.

Niliwahi kulala msibani kwenye nyumba ya mkulima wa pareto huko huko milimani. Magunia ya maua makavu yalipangwa ukutani, na kitanda nilichopewa kilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Nilipoegemeza begi langu kwenye gunia, unga mwembamba ulipanda, ukaelea kwenye mwanga wa kibatari, ukatua kwenye mto. Asubuhi wenyeji walidhani nimelia usiku kucha kwa ajili ya marehemu. Pareto ni ukoo mmoja na alizeti, na ndani ya ua lake mna piretrini, ile sumu ya wadudu inayotiwa kwenye dawa za mbu. Vumbi lake linajulikana kuwasumbua wanaolishika: pua, macho, wengine mpaka ngozi ya mikono inatoka vipele. Mwili unaliona vumbi hilo kama adui, unamwaga kemikali inayoitwa histamini, na hiyo histamini ndiyo inayowasha, inayovimbisha na inayofungulia makamasi.

Sasa amoksilini. Amoksilini inaua bakteria, na hapa bakteria hawapo. Dozi zako tatu zilimtafuta mdudu ambaye hakuwa nyumbani. Kuhusu sindano, siwezi kukisia dawa ambayo sikuiona chupa yake. Ninalojua ni kwamba zipo sindano za jamii ya steroidi zinazonyamazisha aleji kwa wiki kadhaa, na zikirudiwarudiwa zinapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Siku nyingine mtu akikushikia sindano, mwambie akuonyeshe chupa, uandike jina. Akikasirika, shusha mkono wa gauni uondoke.

Cha kufanya: magunia yatoke chumbani. Najua utaniambia stoo haipo na wezi wapo. Basi hama wewe, ukalale chumba kingine mpaka yauzwe. Wakati wa kuanua na kufungasha vaa barakoa, au funga kitambaa kilicholoweshwa puani na mdomoni. Ukimaliza, nawa uso na mikono mpaka viwiko, na kitenge ulichofanyia kazi kisipande kitandani. Kama kuna mtu mwingine nyumbani asiyepiga chafya, kufungasha iwe kazi yake.

Dawa: setirizini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku, au loratadini ya miligramu 10, kimoja kwa siku. Moja kati ya hizo, si zote mbili. Meza kila siku katika kipindi chote cha kuanika, usingoje pua ianze ndipo ukimbilie kidonge. Kama kuna ujauzito au unanyonyesha, mwambie muuzaji kabla hajakuhudumia. Isipotosha, ipo dawa ya kupuliza puani ya beklometasoni au flutikasoni. Hii ni steroidi pia, lakini ni kidogo sana na inafanya kazi pale pale puani. Pengine duka la dawa la kijijini hutaikuta, itabidi ushuke Mbalizi au mjini. Watu wengi huipuliza siku tatu, wanasema ni feki, wanaitupa. Inahitaji siku kadhaa, hata wiki mbili, ndipo uone kazi yake yote. Na upulizaji wenyewe una namna: inamisha kichwa kidogo mbele, pua ya kulia tumia mkono wa kushoto, ya kushoto mkono wa kulia, ncha ielekee upande wa sikio, isielekee ukuta wa katikati. Ukuta huo ukipuliziwa kila siku hutoa damu.

Usiku kifua kikianza kulia filimbi au kubana, usije dirishani. Nenda kituo cha afya, maana hiyo inaweza kuwa pumu.

*Kamwene kaka. Naendesha Fuso, Makambako hadi Dar. Vumbi linanisumbua pua, piritoni inanisaidia sana, ila nikifika mlima wa Kitonga naanza kuona barabara mbili. Wenzangu wanasema ninywe na kahawa kali. – Dereva wa Makambako*

Kamwene. Kahawa haiondoi piritoni mwilini. Itakufanya uwe mtu mwenye usingizi anayekodoa macho, na Kitonga haijali umekodoa au umefumba.

Piritoni ni dawa ya zamani na kwa aleji inafanya kazi, sikatai. Tatizo ni kwamba inaingia mpaka kwenye ubongo, na inakaa. Ya usiku inaweza kukuacha mzito hadi asubuhi ukiwa umeshawasha gari. Badilisha: loratadini ya miligramu 10 mara moja kwa siku, au feksofenadini ukiipata. Hizo usingizi wake ni mdogo. Setirizini ipo katikati, kuna watu inawalaza. Na yoyote utakayochukua, ijaribu kwanza siku gari liko gereji, si siku umepakia viazi tani kumi.

Ila kuna mtego ambao madereva wengi wananasa. Unaacha piritoni, halafu njiani unanunua zile pakiti za rangirangi za "mafua na kikohozi". Geuza pakiti nyuma, soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta parasetamoli, klorofeniramini, feniliefrini, pengine na kafeini. Hiyo klorofeniramini ni piritoni yako ile ile, imevaa koti jipya. Na ukimeza pakiti hiyo pamoja na Panadol kwa ajili ya kichwa, umemeza parasetamoli mara mbili. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo inaharibu ini, na ini halipigi honi kabla.

Hiyo feniliefrini nayo, ya kumeza, mwaka 2023 wataalamu wanaoishauri mamlaka ya dawa ya Marekani walikaa wakakubaliana kwamba haifungui pua. Ipo bado kwenye pakiti kibao. Inayofungua pua kweli ni pseudoefedrini, lakini inapandisha presha. Hukuniambia presha yako ikoje. Kapime kwanza.

*Habari za kazi. Nasoma chuo Iringa mjini. Nilianza matone ya pua kwa sababu ya mafua ya Juni, sasa ni miezi miwili. Bila matone silali. Kila baada ya saa tatu pua inaziba kabisa. Nimebadilisha aina tatu. Je, ni nyama za puani? – Mwanachuo*

Mwanangu, barua yako nimeisoma nikaona aibu yangu ya zamani. Nikiwa mwanafunzi, tena wa dawa, nilitembea na chupa ya matone kwenye mfuko wa shati kwa miezi minne. Siku ya mtihani niliisahau bwenini. Saa moja ndani ya chumba cha mtihani pua zote mbili zikaziba, nikawa napumua kwa mdomo kama samaki aliyetolewa ziwani. Nikanyoosha mkono nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikakimbia bwenini kuchukua chupa. Mtihani wenyewe ulikuwa wa dawa, na swali la tatu liliuliza madhara ya matone ya pua. Nililijibu vizuri.

Matone ya aina hiyo, angalia kama kwenye chupa wameandika oksimetazolini au ksilometazolini, yanabana mishipa midogo ya damu puani, uvimbe unashuka, unapumua. Ukiyatumia siku nyingi, mishipa inazoea. Dawa ikiisha nguvu inafutuka kuliko mwanzo, unadondosha tena, inafutuka tena. Kubadilisha aina hakusaidii, ni jina tu limebadilika. Mwisho wake ni siku tatu, tano zikizidi sana. Nyama za puani sijasema huna, lakini kwanza toka kwenye matone ndipo tujue.

Namna ya kutoka: acha pua moja kwanza. Sema ya kulia. Kushoto endelea, kulia usiguse hata ikizibaje. Mimi nilihesabu usiku sita wa taabu, wa saba ya kulia ikafunguka yenyewe, na nikaapa sitaidondoshea tena. Kisha nikaacha ya kushoto. Wakati huo tumia ile dawa ya kupuliza niliyomwelekeza mama wa Umalila, na osha pua kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyaingize puani. Wiki tatu zikipita bila nafuu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

*Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, mafua na kikohozi siku nne. Huku Njombe baridi imezidi, tunawasha jiko la mkaa chumbani usiku. Nimpe dawa gani ya maji? – Mama Njombe*

Usimpe. Dawa za mafua na kikohozi zilizochanganywa si za watoto chini ya miaka 6, hata kama chupa imechorwa dubu anayecheka. Piritoni ya maji nayo usimpe kwa kukisia kijiko. Dondoshea maji ya chumvi puani kabla hajalala, mnyonyeshe, na kwa kuwa ameshapita mwaka, nusu kijiko cha chai cha asali kinatuliza kikohozi. Aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa.

Jiko litoke leo, dada, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Moshi wa mkaa unamkera kifua, na mbaya zaidi ni hewa yake isiyo na harufu inayoua familia nzima ikiwa usingizini. Mvalisheni soksi na kofia, alale katikati yenu.

Na mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au sehemu ya chini ya kifua inayobonyea ndani akivuta hewa, ni safari ya hospitali usiku huo huo, maana kichomi hakingoji kukuche.

*Bibi yangu Tukuyu kila nikiwa na chafya ananifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Inasaidia kweli? – Mjukuu*

Mvuke hulegeza makamasi na pua inafunguka kwa muda, hauponyi aleji wala hauui virusi. Tulijifukiza nchi nzima mwaka 2020 wakati wa korona, kwa hiyo simlaumu bibi. Ninachoogopa ni sufuria. Maji yanayotokota katikati ya magoti, gizani, mtu anapiga chafya: nimeshauza dawa nyingi za kuungua kwa staili hiyo. Yaondoeni jikoni yakae kidogo, sufuria iwe kwenye meza isiyotikisika, na wadogo zako wakae mbali. Harufu kali ya mkaratusi nayo huwachokoza baadhi ya wenye aleji, ukiona chafya zinaongezeka ondoka. Halafu mwulize bibi blanketi hilo limetoka wapi. Kama ni lile linalokaa sandukuni na kutolewa kipupwe tu, lifueni kwa maji ya moto na kulianika juani kwanza, maana huenda chafya zenyewe zinatoka humo: utitiri wa vumbi, wadudu wadogo usiowaona kwa macho, wanapenda blanketi kuliko unavyolipenda wewe.