Umeitwa kuhojiwa kuhusu mafao? Usikimbilie kulipa

Mkuu, umesema ofisi ya mafao, yaani msaada wa fedha wa serikali, imekuandikia barua ya kukuita kwenye mahojiano ikidai ulilipwa zaidi kwa udanganyifu. Umeuliza kama uende tu ukajieleze, ulipe wanachodai, yaishe. Nimekuwa karani wa wakili wa kesi za jinai kwa miaka, na mafaili ya mafao nimeyashika mengi. Usiende peke yako, na usisaini kitu bado.

Kulipwa zaidi peke yake si jinai. Anayekushtaki lazima athibitishe kwamba ulijua unadanganya, au ulificha makusudi kuwa kipato kimepanda au kuna mtu mmehamia naye. Sasa mtu anaingia kwenye mahojiano anataka aonekane muungwana, anasema: "Nilijua natakiwa kuwaarifu, nikapitiwa." Kesi wameipata hapo hapo.

Halafu hesabu. Watu hubishania hatia tu, wakati kiasi ndicho kinachovuta adhabu: kurudisha na faini, kifungo cha nje, au jela kabisa. Bosi wangu alikuwa akidai mchanganuo wa mwezi kwa mwezi, na deni lilikuwa likishuka mara nyingi, kwani walijumlisha hadi miezi ambayo mteja alistahili kulipwa. Na usiogope kwa vile eti kompyuta imesema. Kule Australia, Robodebt, mpango wa serikali wa kudai madeni ya mafao kwa hesabu ya kompyuta, ulichukua kipato cha mwaka ukakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hulipwa sawa mwaka mzima. Mwaka 2019 serikali yenyewe ilikubali mahakamani kuwa deni la namna hiyo halikuwa halali.

Kuna pia fomu ya kuachia haki ya kusikilizwa, wanayokuletea kama jambo dogo. Kwa msaada wa chakula wa Marekani, SNAP, ukiisaini unaweza kunyimwa msaada huo kwa miezi 12, kosa la pili miezi 24, la tatu maisha.

Kurudisha pesa hupunguza adhabu, hakufuti kosa. Ukilipa, pitia kwa wakili, kwa maandishi kuwa hujakiri. Tafuta nakala za fomu, taarifa za benki, na rekodi ya simu kama uliwahi kumwarifu ofisa. Hiyo ya simu nimeona ikizima kesi nzima. Ila usifute meseji, wala usimwombe mwenye nyumba barua ya tarehe za nyuma. Hilo ni shtaka jipya, na hilo ni gumu kulitetea.

Rufaa ya deni lenyewe ni jambo jingine na ina muda wake, haingoji kesi. Geuza hiyo barua usome tarehe ya mwisho leo.