Maswali na Majibu: Uliza, Lakini Usigeuze Shingo

Barua za safari hii karibu zote ni za eneo la straiki na namna ya kumuuliza mwamuzi wa besiboli kuhusu eneo hilo. Kwa mgeni: mrusho ukipita katika eneo hilo, juu ya bamba lililo ardhini kando ya mpigaji, ni straiki, hesabu dhidi yake; ukikosa naye asipoupiga, ni boli, na boli nne humpa besi ya kwanza bure. Nimechagua zile ambazo hazikuandikwa kwa hasira. Hazikuwa nyingi.

Swali: Kocha wetu alitolewa kwa kuuliza tu mpira ulipita wapi. Tangu lini kuuliza ni kosa?

Kuuliza si kosa. Ninachokitilia shaka ni hilo "tu". Kanuni ya 8.02(a) ya ligi kuu ya Marekani inasema maamuzi ya kupima kwa macho, straiki na boli zikiwemo, ni ya mwisho. Ufafanuzi wake unaongeza kwamba kocha anayetoka benchi kwenda kubishia straiki na boli aonywe anapoanza kuelekea bambani, na akiendelea atolewe. Hakuna palipoandikwa kwamba mdakaji, yule anayechuchumaa mbele ya mwamuzi kudaka mirusho, asinong'one.

Mdakaji anayejua kazi huuliza macho yakiwa kwa mrushaji, wakati anamrudishia mpira: "Ule ulikosa wapi?" Mwamuzi anajibu nyuma ya barakoa: "Chini." Imeisha hiyo. Jukwaani hakuna aliyejua kwamba wameongea, na mrusho unaofuata mdakaji anajua pa kuweka glavu.

Kocha wako je, alikuwa wapi? Benchi liko pembeni. Ukiwa pembeni unaweza kuhukumu juu na chini, lakini ndani na nje huvioni hata upewe darubini. Kwa hiyo anayepaza sauti toka benchi kuhusu mpira wa nje hajauliza kitu, anatafuta makofi. Bobby Cox, kocha wa Atlanta, alitolewa zaidi ya mara 150, rekodi ya ligi kuu. Wanaomtetea husema alikuwa akiwakinga wachezaji wake. Sawa, lakini straiki zilibaki straiki.

Swali: Kisanduku kinachochorwa kwenye televisheni kuonyesha eneo la straiki kilionyesha mpira uko nje, mwamuzi akaita straiki. Kwa nini asihojiwe?

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara aliyeuliza hajafungua kanuni. Kisanduku ni mchoro bapa. Eneo la straiki lina kina: limesimama juu ya bamba lote, lenye upana wa sentimita 43 na urefu kama huo kutoka mbele hadi kwenye ncha yake. Mpira nao una kipenyo cha zaidi ya sentimita 7, na sehemu yake yoyote ikigusa sehemu yoyote ya eneo hilo, ni straiki. Mpira wa kupinda unaweza kukata ukingo wa mbele kwenye usawa wa goti, kisha ukadakwa karibu na vumbi. Wewe unaangalia glavu ilipoishia. Mwamuzi haangalii huko, au hapaswi.

Swali: Mwamuzi akijua amekosea, afidie kwenye mrusho unaofuata?

Hapana. Hapo makosa yatakuwa mawili, na timu zote mbili zitakuwa na la kulalamikia.

Swali: Nikiinama sana, eneo langu si linapungua?

Unapimwa kwa namna unavyosimama ukiwa tayari kupiga, si unavyojikunja mpira ukiwa njiani. Mwaka 1951 timu ya St. Louis Browns ilimpeleka Eddie Gaedel kupiga, mtu wa sentimita 109 mwenye eneo dogo mno, akapewa besi kwa boli nne mfululizo. Wewe una urefu gani?

Swali: Mimi ni mwamuzi chipukizi. Wakiniuliza, nijibuje?

Afadhali, swali lenye maana. Taja mahali: chini, juu, nje. Neno moja. Ukianza kueleza, umefungua mjadala, na mjadala huumalizi wewe. Waamuzi hufundishwa ngazi nne: puuza, jibu, onya, toa. Chipukizi wengi huruka kutoka ya kwanza hadi ya nne, halafu wanashangaa kuitwa wababe. Mpigaji aliyeuliza huku anatazama chini anastahili jibu. Aliyegeuza shingo akakukazia macho mbele ya watu anastahili onyo, hata kama maneno yake ni yale yale.

Barakoa usiivue, maana ukiivua na kumkodolea mtu macho umeshaanza ugomvi. Ukiwa na neno la kumwambia mpigaji au mdakaji, chukua brashi, upe uwanja mgongo, uiname ufute bamba hata kama ni safi. Sema ukiwa umeinama. Benchi usilifuate kamwe.

Na "huenda ule ulinipita" ni maneno mazuri mara moja kwa mchezo. Ukiyarudia, kila mrusho utadaiwa.

Swali: Mpigaji akisita katikati ya kupiga, tunaweza kudai mwamuzi wa besi, anayeona kutoka pembeni, aulizwe kama alipiga?

Ndiyo, lakini ikiwa tu imeitwa boli, na anayeomba ni mdakaji au kocha. Hapo mwamuzi wa bambani analazimika kumuuliza mwenzake. Ikiitwa straiki, kaa kimya.

Swali: Mashine za kuita straiki na boli kwa kamera zimeingia. Waamuzi wabaki wa nini?

Korea Kusini iliipa mashine mirusho yote mwaka 2024. Ligi kuu ya Marekani, kuanzia msimu wa 2026, imechagua njia nyingine: mwamuzi anaita, na mrushaji, mdakaji au mpigaji anaweza kupinga kwa kugusa kofia papo hapo. Kila timu inaanza na nafasi 2, na ikishinda pingamizi haipotezi nafasi. Benchi halina sauti, jambo ninaloliunga mkono kwa mikono miwili.

Ila msidhani mashine inapima kilichomo kwenye kitabu cha kanuni. Inapima ubapa mmoja katikati ya bamba, kuanzia asilimia 27 ya kimo cha mpigaji hadi 53.5. Mpira uliogusa ukingo wa mbele peke yake ni straiki kitabuni, ni boli kwa mashine. Na ninyi makocha wa watoto, uwanjani kwenu hakuna kamera hizo. Mkigusa kofia mtakuwa mnajikuna.

Swali: Naweza kumchorea mwamuzi mstari chini kwa gongo, nimwonyeshe mpira ulipopita?

Unaweza. Ukimaliza, ondoka na gongo lako, hutalihitaji tena siku hiyo.